Hofu ya Daktari Si Sheria

Kwa muda mrefu swali la nani aamue kuhusu mjamzito aliyekufa ubongo halikuwa na mahali pa kukaa kusini mwa Pwani. Mjamzito aliyeanguka kwa kifafa cha mimba huko Kinango, kaunti ya Kwale, au aliyepata ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, alikuwa na mawili: afikishwe hospitali kuu ya Mombasa, ile ambayo wenyeji huiita Makadara, akiwa bado na uhai, au afie njiani, pengine kwenye foleni ya feri. Mashine ya kupumulia imeongeza la tatu. Ubongo wa mwanamke umekufa, madaktari wamepima na kuthibitisha, hakuna atakachosikia wala kukijua tena. Lakini kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu ya mashine, moyo unapiga, mwili una joto, na tumboni mimba ya wiki 15 inaendelea kukua. Nani aseme mashine izimwe au iachwe? Hoja yangu ni kwamba, kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo, neno hilo ni la familia, ikishauriwa na madaktari, na kwamba sheria ya Kenya inapaswa kulisema hilo waziwazi kabla familia ya Msambweni au Diani haijajikuta imeketi mbele ya jaji huku maiti yao ikipumuliwa. Sheria ikinyamaza, haimlindi mama wala mtoto. Inaipa hofu nafasi ya kuamua.

Kifo cha ubongo si koma. Ubongo wa mtu aliye kwenye koma umejeruhiwa lakini una uhai, na wapo wanaozinduka. Aliyekufa ubongo hazinduki. Madaktari hutafuta kwanza sababu inayojulikana, kama vile kuvuja damu kichwani, kisha huhakikisha kuwa si dawa za usingizi wala baridi ya mwili inayowadanganya. Hupima kama mboni za macho zinaitikia mwanga na kama kikohozi kipo bomba likiguswa kooni. Mwisho huitenga mashine kwa dakika chache huku wakimpa oksijeni, waone kama hewa chafu ikijaa kwenye damu atajaribu kuvuta pumzi mwenyewe. Asipojaribu, na vipimo vyote vikikubaliana, amefariki. Moyo huendelea kwa muda kwa sababu una umeme wake wenyewe, mradi unapata oksijeni. Jambo ambalo ndugu hawaambiwi vya kutosha ni kwamba mwili huo hautulii tu ukingoja miezi itimie. Ubongo ukifa, tezi iliyo chini yake huacha kutoa homoni. Figo humwaga maji bila kiasi, presha huporomoka, joto la mwili hukosa mdhibiti, maambukizi hupata mlango. Kuuendesha mwili kama huo kwa wiki kumi au kumi na tano ni kazi ya kila saa: dawa za kupandisha presha, homoni za kufidia zile zilizokatika, chakula kwa mrija, viuavijasumu, kumgeuza usiku na mchana asipate vidonda. Anayesema “mwacheni tu kwenye mashine” hajui anaagiza nini.

Wapo watakaosema kwamba hii ni anasa ya kujadiliwa Ulaya, si Kwale. Kaunti yenye watu 866,820 kwa sensa ya 2019, katika nchi ambayo sensa hiyohiyo ilikadiria vifo vya kina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, ina shida za kutosha za damu, za magari ya wagonjwa na za wakunga. Kweli kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020, Korona ilipoingia, uliona kuwa nchi nzima ilikuwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia, na kwamba kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na angalau chumba kimoja cha kuwalaza wagonjwa hao. Miaka mitano kabla ya hapo, mwezi wa Oktoba 2015, majeruhi mmoja wa ajali alizungushwa na ambulensi jijini Nairobi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha namna hiyo, na akafariki. Lakini uchache huu ndio unaolifanya swali liwe la kwetu zaidi kuliko la Ulaya. Penye vitanda mia, kimoja kikishikwa miezi minne na mwili wa marehemu hakuna atakayejua. Penye vitanda sita, aliyekufa na aliye hai wanagombea mashine moja, na mtu wa zamu usiku ndiye anayebaki na uamuzi bila karatasi yoyote ya kumwongoza. Aidha Korona ilizisukuma serikali za kaunti kununua mashine hizo, hospitali za kibinafsi zimeongezeka Diani na Ukunda, na barabara ya Dongo Kundu imewapa watu wa kusini njia ya kuingia Mombasa bara bila kuingoja feri. Wagonjwa waliokuwa wakifia njiani sasa watafika. Baadhi yao watafika ubongo ukiwa umekwisha.

Tukitaka kuona yanayotokea pale sheria inapoacha mwanya, Dublin ina somo zuri, kwa sababu Katiba ya Ireland ya wakati ule ilifanana na yetu kuliko ya nchi nyingine yoyote iliyokumbwa na jambo hili. Tangu mwaka wa 1983 katiba hiyo ilikuwa imempa aliye tumboni haki ya uhai iliyo sawa na ya mama yake. Mwanzoni mwa Desemba 2014 mwanamke mmoja, mama wa watoto wawili, alithibitishwa kuwa amekufa ubongo akiwa na mimba ya wiki 15. Baba yake mzazi aliomba mashine iondolewe. Mwenzi wake aliafiki. Madaktari hawakuwa na hoja ya kitabibu ya kukataa. Walichokuwa nacho ni woga wa kifungu cha katiba. Wakaendelea kuuendesha mwili ambao ulikuwa ukiharibika mbele ya macho ya watoto wake, mpaka majaji watatu wa Mahakama Kuu walipoketi msimu wa Krismasi na kutoa uamuzi tarehe 26 Desemba: mtoto hana matumaini halisi ya kufika kuzaliwa, na kuendelea ni kumvunjia heshima marehemu na kuwatesa walio hai bila faida. Mahakama ilisema bayana kwamba zoezi zima lilianza kwa sababu ya hofu ya madaktari kuhusu sheria.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Fort Worth, Texas, Marlise Muñoz alianguka nyumbani mwezi wa Novemba 2013 akiwa na mimba ya wiki 14. Yeye na mumewe wote walikuwa wahudumu wa ambulensi; walikuwa wameiona mashine ikifanya kazi na walikuwa wamezungumza kuihusu, na mume alijua mkewe asingeitaka. Hospitali ikakataa kuizima, ikitaja sheria ya jimbo inayokataza kumwondolea mgonjwa mjamzito tiba ya kumdumisha. Ilichukua miezi miwili na amri ya jaji, Januari 2014, kusema lililo wazi: sheria ile inahusu mgonjwa, na mtu aliyekufa si mgonjwa. Kisha Georgia, mwaka wa 2025. Adriana Smith, muuguzi wa miaka 30, alikufa ubongo mwezi wa Februari akiwa na mimba ya wiki 9 hivi. Familia yake ilisema iliambiwa kuwa sheria mpya ya jimbo dhidi ya utoaji mimba hairuhusu mashine izimwe. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ilipoulizwa ilijibu kuwa sheria haisemi hivyo. Wakati jibu hilo linatoka, mwili ulikuwa umeshaendeshwa kwa miezi. Mtoto alitolewa kwa upasuaji wa dharura tarehe 13 Juni akiwa na gramu 800 na ushei, na siku nne baadaye mama akaondolewa mashine. Mama mzazi wa Adriana alisema jambo ambalo watetezi wa pande zote mbili hawakulisikiliza vya kutosha: hakudai kwamba familia ingechagua mashine izimwe. Alidai kwamba ingepaswa kuachiwa ichague yenyewe.

Katika visa vyote vitatu, sheria iliposomwa kwa makini haikulazimisha lile ambalo hospitali ilifanya. Lililolazimisha ni wasiwasi wa mtu aliyevaa koti jeupe kwamba akizima, atashtakiwa. Akiacha, hakuna atakayemuuliza. Mizani ya namna hiyo daima itaelemea kuacha. Sasa tuisome ya kwetu kwa jicho la daktari wa zamu. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba mtu hatanyimwa uhai wake kwa makusudi isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 158, inaweka miaka 14 jela kwa anayekusudia kuharibu mimba kinyume cha sheria. Daktari akisoma hayo mawili tu, saa nane usiku, hatagusa kitufe. Ruhusa ambazo kifungu cha 26 chenyewe kinatoa, yaani pale mama anapohitaji matibabu ya dharura au uhai au afya yake inapokuwa hatarini, hazimsaidii hata kidogo, kwa kuwa zote zinamhusu mama aliye hai. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inaeleza kwa mapana nani atoe idhini mgonjwa anaposhindwa: aliyemteua kwa maandishi, aliyeidhinishwa na sheria au mahakama, kisha jamaa wa karibu. Lakini hiyo pia ni habari ya mgonjwa. Kuhusu mjamzito aliyekufa ubongo haina neno.

Hapa ndipo lilipo pingamizi zito kuliko yote, na sitalikwepa. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba uhai huanza mimba inapotungwa atauliza: ikiwa aliye tumboni ni mtu, na mashine ndiyo inayompa nafasi, kuizima kunatofautiana vipi na kumnyima uhai kwa makusudi? Tofauti ipo, na sheria zetu zenyewe zinaijua. Kutomnyima mtu uhai ni wajibu mmoja. Kumwendeshea mtu mwili wa mtu mwingine ili aishi ni wajibu wa aina nyingine kabisa, na Katiba haijauweka juu ya yeyote. Hakuna sheria nchini inayomlazimisha baba kutoa figo moja kumwokoa mwanawe aliyekwisha kuzaliwa na kupewa jina, hata baada ya baba huyo kufa, kama hakuidhinisha wala jamaa zake hawakuidhinisha. Itakuwa ajabu mwili wa mama aliyefariki uwe ndio pekee unaoweza kutwaliwa wote, kwa wiki kumi na tano, bila kuuliza mtu. Mashine ikiondolewa, kinachomwua mtoto wa wiki 15 ni kifo cha mama yake, kama kilivyowaua watoto wa namna hiyo tangu dunia iwe dunia. Kanuni ya Adhabu inalisogelea jambo hili kwa tahadhari hiyohiyo: kifungu cha 214 kinamhesabu mtoto kuwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima katika mwili wa mama akiwa hai, na kifungu cha 228, kinachoadhibu kumzuia mtoto asizaliwe hai hata kwa kuacha kutenda, kinamzungumzia mwanamke aliye karibu kujifungua. Walioandika hawakuwa na mashine akilini, lakini waliona kwamba wajibu unakua mtoto anavyokaribia mlango.

Mpaka huo wa umri si wa wazungu wala wa mahakama peke yake, na Kwale ina sababu ya kulijua hilo kuliko kaunti nyingi. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafi, na mafakihi wa Kishafi walijadili mama aliyekufa na mtoto hai tumboni karne nyingi kabla ya umeme. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 1277, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba ikiwa mtoto anatarajiwa kuishi, kwa mfano ametimiza miezi sita au zaidi, tumbo la marehemu litapasuliwa atolewe, ingawa kwa kawaida maiti haipasuliwi. Asipotarajiwa kuishi, rai yenye nguvu ni kwamba hapasuliwi, ila mazishi yanangoja mpaka kitoto kife chenyewe. Tazama ufundi wa fikra hiyo. Heshima ya maiti ni kubwa, lakini inapisha mbele ya mtoto anayeweza kuishi. Haipishi mbele ya tumaini ambalo halipo. Mtu anaweza kusema kungoja kule ndiko kuendesha mashine kwa leo. Sidhani. Mafakihi wale waliamuru watu wazuie mikono yao, wasimzike mtoto akiwa hai; hawakuamuru mwili wa mama ufanyishwe kazi. Mashine ikiondolewa, kungoja kwao bado kunawezekana, na hakuchukui hata saa moja.

Kuhusu kifo chenyewe, baraza la fikihi la kimataifa lililokutana Amman mwezi wa Oktoba 1986 lilikubali kwamba mtu amekufa pale ubongo wake wote unapoacha kazi moja kwa moja na wataalamu wakathibitisha kuwa umeanza kuharibika. Baraza la Makka mwaka uliofuata lilikuwa gumu zaidi: likaruhusu mashine iondolewe, lakini hukumu za kifo, pamoja na mirathi, zisianze mpaka moyo na pumzi visimame. Wakatofautiana kuhusu saa ya kifo. Kuhusu mashine walikutana. Kwa Wakristo, Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka wa 1957 kwamba hakuna anayewajibika kutumia njia zisizo za kawaida kudumisha uhai. Kwa hiyo yule atakayesimama msikitini Ukunda au kanisani Kwale mjini na kusema dini inataka mashine iendelee kwa lazima, ana kazi ya kuleta ushahidi.

Nisieleweke vibaya hata hivyo. Siandiki kutetea kuzima. Mjini Brno, Jamhuri ya Cheki, mwanamke wa miaka 27 alikufa ubongo Aprili 2019 akiwa na mimba ya wiki 16. Familia ilitaka mtoto. Madaktari waliuendesha mwili kwa siku 117, wauguzi wakiichezesha miguu yake kana kwamba anatembea, ndugu wakija kuongea na kile kilichokuwa tumboni, na tarehe 15 Agosti akazaliwa msichana wa kilo 2.13. Lisbon walikuwa wamefanya kama hayo mwaka wa 2016. Madaktari wa Heidelberg, katika uchunguzi wao wa 2010 uliokusanya visa vilivyoripotiwa tangu 1982, walipata visa 30 duniani, na watoto 12 waliozaliwa na kuvuka siku za mwanzo za uchanga. Idadi hiyo isomwe kwa uangalifu, kwa sababu waliofanikiwa huandikwa kwenye majarida, na walioshindwa huzikwa kimya. Erlangen, Ujerumani, mwaka wa 1992, msichana wa miaka 18 aliyepata ajali ya gari aliendeshwa kwa wiki kadhaa mbele ya kamera za nchi nzima, na mimba ikatoka. Kinachoonekana katika visa hivyo ni kwamba uwezekano upo, unakua kadiri mimba ilivyokuwa kubwa siku ya kifo, na unategemea hospitali yenye kila kitu na familia iliyo tayari kumpokea mtoto. Brno familia ilitaka, na hospitali ikaweza. Uchaguzi wa familia ndio uliowapa madaktari wale uhalali wa kufanya waliyoyafanya. Bila huo, siku 117 zilezile zingekuwa unyanyasaji wa maiti.

Basi familia ni nani? Hapo ndipo tunapopaswa kutumia muda wetu mwingi, na ndipo waandishi wa sheria wa Nairobi watakapotaka kupita haraka. Kenya iliwahi kuyaona haya kwa mwili usio na mimba. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui na ukoo wa mumewe wakapelekana mahakamani kuhusu nani amzike na wapi. Alizikwa Mei 1987, ukoo ukiwa umeshinda. Maiti ilingoja miezi mitano. Mimba ya wiki 15 haiwezi kungoja miezi mitano ya mawakili. Itakuwa imeshaamua yenyewe. Kwale mambo yana mikunjo zaidi. Wadigo kwa asili walifuata ukoo wa mama kabla Uislamu haujauelekeza urithi kwa baba, na mpaka leo mjomba akikohoa kwenye kikao cha familia watu hugeuka. Waduruma wanahesabu koo zote mbili, ya kuumeni na ya kukeni. Mwambie mama mzazi wa marehemu kwamba mkwe peke yake ndiye mwenye neno juu ya mwili wa mwanawe, uone kama kikao kitaisha kwa salama. Na lipo la mirathi, ambalo watu huona haya kulitaja. Kwa sheria ya Kiislamu mume hurithi nusu ya mali ya mkewe ikiwa hakuacha mtoto, na robo ikiwa ameacha. Mtoto akizaliwa hai, hata akiishi saa moja, hesabu imebadilika. Sisemi kwamba mume atapiga hesabu hiyo kando ya kitanda. Nasema sheria nzuri haimwachi mtu mmoja mahali ambapo watu watamshuku kwamba ameipiga.

Pendekezo langu kwa hiyo ni kwamba neno liwe la mume na wazazi wa mwanamke kwa pamoja, isipokuwa kama mwenyewe alimtaja mtu kwa maandishi. Wakishindwa kuafikiana ndani ya siku chache, jopo la hospitali lenye daktari asiyehusika na matibabu yake na mtu wa dini wa familia hiyo liwasikilize, na mahakama iwe mlango wa mwisho wenye muda uliowekwa. Na huyo wa kutajwa atajwe wapi? Mahali papo tayari. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki, kuanzia Vanga mpaka Samburu, hupewa kijitabu cha mama na mtoto, chenye sehemu ya kupanga uzazi utakavyokuwa: utajifungulia wapi, nani atakusindikiza, usafiri upi, nani atakutolea damu. Iongezwe mistari miwili: ukishindwa kujisemea, nani akusemee, na je, kuna jambo ungependa ajue? Najua jibu la bibi yake aliyemsindikiza. Atasema huko ni kuchuria, mtu hazungumziwi kifo naye ana mimba. Lakini kumwuliza nani atakutolea damu nako ni kuzungumzia kifo, na wakunga wetu wamejifunza kuliuliza bila kumtia mtu kiwewe. Muislamu naye amehimizwa kuandika wasia akiwa mzima, na hakuna aliyesema wajawazito wamesamehewa.

Litabaki swali la umri. Marekani na Ulaya hutaja wiki 24 au chini ya hapo kwa sababu ya vifaa walivyo navyo vya watoto njiti. Sisi tuseme ukweli wa Msambweni: mtoto wa wiki 24 anayezaliwa pale hana nafasi aliyo nayo wa Lisbon. Sheria isiandike nambari moja ya nchi nzima. Iandike kipimo: pale ambapo madaktari wa watoto wa hospitali iliyoko, au ile anayoweza kufikishwa salama, wanaamini mtoto anaweza kuishi akitolewa sasa, atolewe, na hapo sioni familia ikiwa na haki ya kukataa, kama Nawawi asivyoiona. Pale ambapo imebaki wiki moja au mbili kufikia hapo, hospitali iombe kungoja na familia isikilize. Pale ambapo zimebaki wiki kumi, familia iseme. Na ikisema iendelee, haki yake hiyo nayo ina ukomo, jambo ambalo watetezi wa uchaguzi wa familia hupenda kulisahau: kitanda cha mwisho katika kaunti hakiwezi kushikwa miezi mitatu na tumaini dogo huku mjamzito mwingine, aliye hai na mwenye degedege la kifafa cha mimba, akirudishwa kutoka mlangoni. Huyo wa pili naye ana familia.

Kisha kuna bili. Tuseme siku moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi ni shilingi 30,000, na kwenye hospitali nyingi za kibinafsi nambari hiyo ni ya upole. Siku 117 za Brno ni shilingi 3,510,000, kabla ya upasuaji na kabla mtoto hajalazwa kwenye mashine ya joto. Watu wa Kinango huuza mbuzi na kuitisha mchango kwa sehemu ya kumi ya hizo. Pingamizi kwamba familia itachagua kuzima kwa sababu ya umaskini ni la kweli, na dawa yake ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuubeba mzigo pale familia na madaktari wanapokubaliana kwamba mtoto ana nafasi, kupitia mfuko wake wa dharura na magonjwa mahututi. Upande wa pili uandikwe kwa wino uleule: hospitali ikiendelea kinyume na neno la familia, kwa kusubiri ushauri wa mawakili wake, kila siku ya kusubiri ni kwa gharama yake yenyewe. Mahakama Kuu ya Mombasa ilishasema mwaka wa 1998, katika kesi ya Ludindi Venant dhidi ya Pandya Memorial Hospital, kwamba maiti si mali ya kushikiliwa kwa sababu ya deni. Kifungu kimoja cha marekebisho katika Sheria ya Afya kinatosha kusema kwamba ni vivyo hivyo kwa maiti ambayo bado inapumuliwa, na mbunge yeyote wa Msambweni, Matuga, Kinango au Lunga Lunga anaweza kukiwasilisha Bungeni kama mswada wake binafsi.